Je, Gereza Laweza Kukodishwa?

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 askari wa Tanzania walimkamata mjini Arusha mtu mmoja aliyekuwa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu. Huko kwao Afrika Kusini alikuwa amefungwa maisha kwa kuua. Mwezi wa Mei mwaka 2022 chumba chake gerezani kilishika moto, maiti ikaonekana imeungua, na watu wakaambiwa kuwa mfungwa amejiua. Kumbe maiti ile ilikuwa ya mtu mwingine, na mwenyewe alikwisha kutoka. Wengi wetu tulizisoma habari zile, tukastaajabia ujanja wa mtu yule. Lakini neno moja lililoandikwa katikati ya habari lilipita bila kuangaliwa sana, nalo ni kwamba gereza lile la Mangaung, lenye nafasi ya wafungwa karibu 3,000, halikuwa likiendeshwa na serikali. Liliendeshwa na kampuni ya biashara, kwa mkataba.

Mzee mmoja, jirani yangu, ambaye hupenda kunisikia nikisoma magazeti, aliniuliza jioni ile, "Mwalimu, gereza nalo lina mwenye duka?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tangu hapo nimelitafuta, na katika kulitafuta nimefika mbali, mpaka jimbo la Tennessee katika nchi ya Marekani. Maana huko ndiko biashara hii ya siku zetu ilikoanza, na huko ndiko baraza la kutunga sheria lilikojaribu kwa muda wa karibu miaka 40 kuifunga kamba biashara hiyo. Nataka kuwaeleza wasomaji niliyoyakuta, kisha niseme nionavyo mimi.

Yafaa kwanza tujue kuwa jambo hili si geni katika nchi ile. Watu wa Marekani walipomaliza vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865, walitia neno katika katiba yao la kukomesha utumwa. Lakini katika neno lile lile waliacha nafasi: utumwa usiwepo, isipokuwa kama adhabu ya kosa ambalo mtu amehukumiwa. Nafasi hiyo ilikuwa nyembamba kama tundu la sindano, na bado maelfu ya watu walipitishwa humo. Majimbo ya kusini yalikuwa maskini baada ya vita, na watu weusi waliotoka utumwani juzi tu walikamatwa kwa makosa madogo madogo, hata kwa kuzurura bila kazi. Tennessee ilianza kuwakodisha wafungwa wake kwa wenye mali mwaka 1866, na baadaye wengi wakapelekwa kuchimba makaa ya mawe. Kampuni ililipa, jimbo likafurahi, kwa kuwa gereza lililokuwa likila fedha sasa likawa linazaa fedha.

Je, ni nani aliyelikomesha jambo hilo? Mtu angedhani ni wahubiri, au mahakimu wenye huruma. Wahubiri na mahakimu wa namna hiyo walikuwako, lakini waliolitikisa hasa ni wachimbaji huru, ambao kazi yao ilikuwa imechukuliwa na watu wenye minyororo. Mwaka 1891, mahali paitwapo Coal Creek, walishika bunduki, wakaizunguka kambi, wakawapakia wafungwa katika gari la moshi na kuwarudisha mjini Knoxville. Mapigano yaliendelea hata mwaka 1892. Ukodishaji ukaisha Tennessee mwaka 1896, na jimbo likafungua gereza lake lenyewe huko Brushy Mountain, ambalo nalo lilikuwa na mgodi wa makaa! Jimbo la mwisho kuacha desturi hii lilikuwa Alabama, mwaka 1928.

Wakati ukapita. Mwaka 1983, katika mji wa Nashville ulio mji mkuu wa Tennessee, iliundwa kampuni iliyoitwa Corrections Corporation of America, ambayo tangu mwaka 2016 inaitwa CoreCivic. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo aliyekuwa mwenyekiti wa chama kimoja cha siasa katika jimbo, na mwingine aliyekwisha kuongoza magereza ya majimbo mawili. Mwaka 1985 magereza ya Tennessee yalikuwa yamefurika, wafungwa wakafanya ghasia, na jaji akalizuia jimbo lisipokee wafungwa wapya. Serikali ilikuwa katika dhiki. Na mwenye dhiki, kama tujuavyo, huuza ng'ombe wake kwa bei ya mbuzi. Ndipo kampuni ilipokuja na neno kubwa, kwamba ikodishwe magereza yote ya jimbo kwa miaka 99, kwa dola milioni 250.

Baraza lilikataa. Lakini mwaka uliofuata, yaani 1986, lilitunga sheria ya kuruhusu kidogo na kuzuia mengi. Sheria hiyo yataka huduma ya kampuni isiwe duni kuliko ile ya serikali, na gharama yake ipungue kwa angalau 5 katika kila 100. Gereza la kwanza chini ya sheria hiyo lilifunguliwa mwaka 1992 katika mji wa Clifton. Mwaka 1995 baraza lililinganisha gharama zake na zile za magereza mawili ya serikali, na tofauti iliyoonekana kwa mfungwa mmoja haikufika dola moja kwa siku.

Sasa natuulize: ni nini hasa kinachouzwa? Serikali ikinunua mikate ya wafungwa kwa mwokaji, hakuna alalamikaye. Ikimpa fundi kazi ya kujenga ukuta wa gereza, hakuna asemaye kwamba haki imeuzwa. Basi kununua peke yake si dhambi. Mwenye kutetea kampuni husema, kama mkate wanunuliwa, na ukuta wanunuliwa, kwa nini asinunuliwe na mlinzi asimamaye mlangoni? Hoja hii si ya kuchekwa, nami nilikaa nayo siku nyingi.

Naona kosa lake ni hili. Sokoni, anunuaye ndiye alaye. Nikinunua mkate wenye ukungu, ulimi wangu utaniambia, na kesho nitakwenda kwa mwokaji mwingine. Ndivyo mwokaji anavyofundishwa uaminifu, hata kama moyoni hana uaminifu wowote. Lakini katika biashara ya gereza anunuaye hali, na alaye hanunui. Serikali hulipa, na mfungwa huonja. Mfungwa akionja ukungu hawezi kwenda duka jingine, na akipiga kelele hasadikiwi, maana ni mhalifu. Basi ule uangalizi ambao soko huufanya lenyewe bila kuambiwa, hapa haupo, na mahali pake lazima pawekwe sheria. Ndiyo sababu siwaoni watunga sheria wa Tennessee kuwa watu wa kupenda maandishi bure walipojaza kurasa kwa makatazo.

Na katika makatazo yao liko moja ambalo ndilo moyo wa jambo lote. Sheria yasema kuwa mkataba wowote usiipe kampuni mamlaka ya kuhesabu siku ya mfungwa kutoka, wala kumpa au kumnyang'anya punguzo la siku kwa mwenendo wake, wala kuamua apewe ruhusa ya kutoka, wala kumtia katika kifungo kikali zaidi, wala kumpa adhabu. Hayo yote ni ya serikali. Sababu yake mtoto aweza kuiona: kampuni hulipwa kwa siku, na mtu alipwaye kwa siku asipewe kalenda ashike yeye.

Nilipolisoma katazo hilo nilifurahi, nikasema moyoni, "Hawa wamefika kwenye mzizi." Kisha nikafikiri tena. Ni nani aandikaye taarifa kwamba mfungwa fulani alimtukana askari, au alikutwa na kisu, au alikataa kazi? Ni askari wa kampuni. Ofisa wa serikali hukaa mezani, huisoma taarifa ile, huamua. Mkono unaopiga mhuri ni wa serikali, lakini jicho lililoona ni la kampuni. Na sisi tuliokaa katika mabaraza ya wazee twajua kuwa hukumu nyingi hukatwa na shahidi kabla hazijakatwa na mwamuzi.

Tena liko jambo la hesabu za askari. Katika gereza lolote gharama iliyo kubwa ni mishahara ya watu. Basi nafasi ya askari isiyojazwa, ambayo kwa mfungwa ni hatari, kwa kampuni ni akiba. Naomba niseme kisa kidogo cha kwetu. Shule moja niliyofundisha zamani ilimpa mtu zabuni ya kupika chakula, alipwe kwa kila sahani. Siku moja nilifungua daftari lake nikakuta majina ya watoto wanne waliokuwa wamekwenda kwao kuuguzwa tangu majuma mawili, nao wameandikwa wamekula asubuhi, mchana, na jioni. Mpishi hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alijua tu kwamba hakuna afunguaye daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilosomwa si bora kuliko kukosa daftari.

Katika jimbo la Idaho ilitokea hivyo hivyo, lakini kwa ukubwa wa kutisha. Kampuni ile ile ya Nashville ilikuwa ikiendesha gereza huko, na wafungwa wenyewe waliliita shule ya wapiganaji kwa kupigana kulivyozidi. Mwaka 2013 kampuni ilikiri kuwa watumishi wake waliandika saa karibu 4,800 za ulinzi ambazo hazikufanyiwa kazi na mtu yeyote. Katika daftari nafasi zina askari, katika gereza nafasi ni tupu. Mwaka 2014 ililipa jimbo dola milioni 1, na serikali ikalichukua gereza mkononi mwake. Fikirini saa hizo 4,800 ni nini kwa kijana dhaifu aliye katika chumba kimoja na watu wenye nguvu, naye anapaza sauti usiku akiwaita askari walioandikwa katika karatasi tu.

Liko na jambo la vitanda vitupu, ambalo nalisema kwa ufupi kwa kuwa ubaya wake ni wazi. Katika majimbo mengine mikataba iliahidi kuwa gereza litajazwa kwa kiasi fulani, na likipungua serikali italipia hata mahali palipo wazi. Katika jimbo la Arizona, mwaka 2010, wafungwa watatu walitoroka katika gereza la kampuni karibu na mji wa Kingman, na mume na mke wasio na kosa wakauawa. Serikali iliondoa baadhi ya wafungwa kwa sababu ulinzi ulikuwa hafifu. Kampuni ikadai ilipwe, maana mkataba uliahidi kujaza 97 katika kila 100, na jimbo likakubali kulipa dola milioni 3. Mchungaji amemwachia fisi zizi wazi, kisha anadai ujira wa kondoo walioondolewa! Lakini hata bila msiba ule, ahadi yenyewe ni mbaya. Nchi ingepaswa kufurahi wahalifu wakipungua. Hii imejifunga kwa sahihi yake kuwa ikipata furaha hiyo itatozwa faini.

Turudi Tennessee. Sheria ya 1986 iliweka mpaka pia katika idadi ya magereza ambayo jimbo laweza kufanyia mkataba na kampuni. Mlango ukafungwa hivyo, lakini dirisha likaachwa wazi. Kwani jimbo laweza kupatana na wilaya, na wilaya ikapatana na kampuni. Kwa njia hiyo yalijengwa magereza katika wilaya za Hardeman na Trousdale. Lile la Trousdale lilifunguliwa mwaka 2016, lina nafasi ya watu zaidi ya 2,500. Sitaki kuwahukumu wenyeji wa wilaya hizo upesi. Ni watu wa mashamba kama sisi, viwanda vimewakimbia, na gereza huleta mishahara na kodi. Mtu aliyeona vijana wote wa kijiji chake wakienda mjini kutafuta kazi hatawacheka. Walakini, wilaya maskini iliyosimama katikati ya jimbo na kampuni haina nguvu ya kumsimamia yeyote kati yao. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa fimbo imepewa mtu wa tatu aishike.

Mahakama nayo ilisema neno lake. Mfungwa mmoja wa gereza lile la Clifton aliwashitaki askari waliomfunga minyororo iliyomwumiza. Askari wa serikali wana kinga fulani mbele ya mashitaka ya namna hiyo. Askari wa kampuni wakaitaka kinga ile ile. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Marekani iliwanyima, kwa kura 5 dhidi ya 4. Nami nasema ilikuwa haki. Haifai mtu avae joho la serikali asubuhi kwa ajili ya mamlaka, na kanzu ya mfanyabiashara jioni kwa ajili ya faida.

Msomaji mwenye busara ataniuliza, "Mwalimu, je, magereza ya serikali ndiyo mema?" Hapana. Katika jimbo la Alabama magereza ya wanaume ni ya serikali yenyewe, na mwaka 2020 serikali kuu ya Marekani ililishitaki jimbo hilo kwa mauaji na ukatili uliokuwamo. Katika nchi ile wafungwa waliomo katika magereza ya kampuni ni kama 8 tu katika kila 100, watu kama 90,000 katika mwaka 2022. Hao wengine wote wako chini ya serikali, na wengi wao hawakai vizuri. Basi asidhani mtu kwamba kuifukuza kampuni ni kuileta rehema. Jimbo la Illinois lilikataza magereza ya namna hii tangu mwaka 1990, likisema katika sheria yake kuwa kumfunga raia ni kazi ya dola yenyewe, haifanani na kazi nyingine zinazotolewa kwa mikataba. Na baada ya hapo magereza ya Illinois bado yalisongamana.

Pamoja na hayo, mimi nasimama karibu na watu wa Illinois kuliko watu wa Tennessee, na sababu yangu si ya hesabu. Mtu akihukumiwa, hukumu husomwa kwa jina la wananchi wote. Mimi na wewe tumo katika jina hilo. Ikiwa twamfunga, yatupasa tuwe sisi tunaoulizwa habari zake: kama amekula, kama ameumwa, kama amekufa. Gereza baya la serikali ni aibu yetu, na aibu humwamsha mtu. Gereza baya la kampuni huwa ni mashauri ya mkataba: mtu hukatwa faini, hulipa, husonga mbele. Hapo Tennessee, tangu mwaka 2022, jimbo limekuwa likiikata kampuni mamilioni ya dola kwa nafasi za askari zisizojazwa, na nafasi zikaendelea kukosa watu. Wakaguzi wa jimbo walikuwa wamekwisha kuandika habari za upungufu huo katika gereza la Trousdale tangu mwaka 2017. Mwezi wa Agosti mwaka 2024 serikali kuu ilifungua uchunguzi juu ya gereza hilo. Ila nakiri kuwa mwenzangu mmoja, mwalimu wa hesabu, hakubaliani nami. Yeye asema aibu ya serikali hulala usingizi mzito kuliko nionavyo, na kwamba faini angalau huandikwa mahali ikaonekana. Hatujamalizana.

Mwaka 2025 baraza la Tennessee lilitunga sheria nyingine, na wazazi waliofiwa na wana wao gerezani ni miongoni mwa waliokwenda kulisihi. Sheria hiyo yasema kuwa ikiwa kiasi cha vifo katika gereza la kampuni kimekuwa mara mbili ya kile cha gereza la serikali linalofanana nalo, kamishna wa magereza ataondoa wafungwa 10 katika kila 100 na kuwapeleka mahali pengine. Walioitunga, chama chao ni cha watu wasiochukia biashara hata kidogo, na nadhani iliwagharimu kusema hivyo. Ni sheria ya kweli, ina meno, na huenda itaokoa watu.

Nilimsomea yule mzee jirani yangu. Alisikiliza hata mwisho, akaniomba nirudie mahali pa kumi katika kila mia, nikarudia. Akauliza, "Na wale tisini?" Nikamjibu kuwa hao hubaki mumo humo, chini ya mkataba ule ule.